Nimerekebisha kiolezo cha AutoCAD, mbona michoro ya zamani imebaki vile vile?

SWALI: Papa mwalimu, jambo. Mimi ni mchoraji katika ofisi ndogo ya wasanifu majengo hapa Lubumbashi, upande wa Kampemba. AutoCAD yetu, programu ya kuchorea plani, ni ya Kifaransa na tunachora kwa mita. Nimebadilisha kartushi (fremu yenye jina la ofisi na namba ya plani) ndani ya kiolezo chetu cha .dwt, ile faili ya kuanzia michoro, nikaweka pia unene wa mistari kwa kila kalke (tabaka la mchoro). Halafu nikafungua michoro sita tuliyoianza kwa kiolezo kile kile: hakuna kilichobadilika. Tena tukipeleka DWG, yaani faili ya mchoro, kwa wanaochapa plani mjini, mistari yote inatoka na unene mmoja, ijapokuwa kwetu inatoka vizuri. Mwenzangu anasema tuachane na kiolezo, tuwe tunachukua faili ya nyumba iliyokwisha na kuihifadhi kwa jina lingine. Unatushauri nini?

JIBU: Kiolezo chako ni kizima, ndugu yangu, na programu haina kosa. Faili ya .dwt hufanya kazi mara moja tu, pale unapoanza mchoro mpya. Dakika ile AutoCAD inanakili kila kilichomo (kalke, mitindo ya maandishi na ya vipimo, kartushi, mipangilio ya kurasa), inakiweka ndani ya DWG mpya, basi, faili hizo mbili zimeachana. Ukibadilisha kalibu, matofali yaliyokwisha kufyatuliwa hayaongezeki unene. Wanaotumia Revit na .rte yao, au Archicad na .tpl, wasicheke: kwao ni hivyo hivyo.

Jambo hili naulizwa kila mara, na si swali lenyewe linaloniudhi. Kinachoniudhi ni hitimisho ambalo mwenzako amelifikia: kwa kuwa kiolezo hakirekebishi michoro ya zamani, basi hakina faida. Nitalirudia hilo. Kwanza tuiokoe michoro yako sita.

Amri nitakazotaja, ziandike na mstari wake wa chini mbele. Hivyo zinakubalika hata kwenye toleo la Kifaransa.

Wengi hukimbilia _ADCENTER, wanakokota kalke kutoka kwenye kiolezo hadi kwenye mchoro wa zamani, kisha wanashangaa. Kama mchoro una kalke inayoitwa MURS tayari, AutoCAD inaiacha MURS ya zamani ilivyo na kuipuuza mpya. Jina likigongana, aliyemo ndani ndiye mshindi. Kwa kalke tumia _LAYERSTATE: ndani ya kiolezo tengeneza hali ya kalke, itoe kama faili ya .las, kisha iingize katika kila mchoro na kuirejesha, ukihakikisha unene wa mistari umetiwa alama kati ya sifa zinazorejeshwa. Njia hii inazipa sifa mpya hata kalke zilizokuwemo. Ikiwa baadhi ya mistari bado inakaidi, mtu aliipa unene kwa mkono. _SETBYLAYER itairudisha chini ya kalke yake.

Mtindo wa vipimo una mtego ule ule wa jina. Ubadilishe jina ule wa zamani kwa _RENAME, uuite hata ZAMANI, leta mpya, chagua vipimo vyote na uvipe mtindo mpya, halafu _PURGE, inayofuta visivyotumika. Mipangilio ya kurasa inaletwa na _PSETUPIN moja kwa moja kutoka kwenye .dwt. Kartushi, kama ni bloku (michoro iliyofungwa kuwa kitu kimoja) yenye jina lile lile, bonyeza kulia juu yake ndani ya _ADCENTER na uchague kuifafanua upya bila kuiingiza, kisha piga _ATTSYNC. Ukisahau _ATTSYNC, fremu itabadilika lakini maandishi ya tarehe na namba ya plani yatabaki yakining'inia mahali pake pa zamani.

Na kama unataka kartushi ambayo ukiigusa mara moja inabadilika kote, kiolezo si mahali pake. Fremu, jina la ofisi na anwani viweke katika DWG ya peke yake, uiambatishe kama xref, yaani faili ya nje inayoonekana ndani ya mchoro, kwenye kila ukurasa. Vile vinavyotofautiana, yaani namba ya plani, skeli na tarehe, vibaki kama atributi (maandishi ya kujazwa kwenye bloku) ndani ya mchoro wenyewe, kwa sababu atributi zilizofafanuliwa ndani ya xref hazionekani. Njia ya xref iwe ya uhusiano wa folda, isianze na C:\. Logo nayo ni picha iliyo nje ya DWG, isafiri pamoja. _ETRANSMIT inakusanya vyote.

Sasa hao wachapaji. Unene mliouzoea ofisini haukutoka kwenye mchoro, ulitoka kwenye faili ya .ctb, inayosema rangi nyekundu ichapwe hivi na ya njano vile. Faili hiyo iko katika folda ya mitindo ya uchapaji ya mashine yenu (piga _STYLESMANAGER utaiona), haimo ndani ya DWG wala ndani ya .dwt. Kompyuta ya mchapaji haina hiyo .ctb, kwa hiyo inatafuta unene kwenye kalke, na kalke za michoro ya zamani zote zimeachwa kwenye unene wa kawaida: milimita 0.25 kila mahali. Umepata ulichokiona.

Kwa hiyo ulipoweka unene kwenye kalke ulipatia, ila maliza kazi. Katika mipangilio ya kurasa ya kiolezo chagua monochrome.ctb. Hiyo inakuja na kila AutoCAD, inachapa rangi zote 255 kwa weusi na inaheshimu unene wa kalke. Kwa plani ya 1/50, ukuta uliokatwa mpe 0.50, milango na madirisha 0.25, vipimo na hachi (mistari ya kujazia eneo) 0.13. Na usipeleke tena DWG kwa mchapaji. Toa PDF mwenyewe kwa DWG To PDF.pc3, karatasi ya ISO full bleed A1 (841 kwa 594), na umwambie achape kwa asilimia 100, asikubali kitufe cha kujaza karatasi. Weka kwenye kartushi mstari wenye urefu wa milimita 100 kamili. Karatasi ikitoka, iweke rula juu yake kabla hujalipa: kwa 1/50 mstari ule ni mita 5. Ukisoma 97, karatasi hiyo isifike kwa fundi.

Kuhusu mita, hapa ndipo violezo vingi vya kwetu vinaanza kuoza. acadiso.dwt, kiolezo kinachokuja na AutoCAD, imeandaliwa kwa milimita. Ukichora kwa mita ndani yake na kuchagua 1:50 kwenye orodha ya skeli, programu inazidisha kwa 0.02, na nyumba ya mita 12 inakuwa nukta ya robo milimita. Mchoraji anahangaika, anavuta dirisha la ukurasa (viewport) kwa jicho mpaka "lifanane", kisha anaandika 1/50 kwenye kartushi. Huo ni uongo uliotiwa sahihi. Piga _SCALELISTEDIT ndani ya kiolezo, ongeza skeli zako: 1/200 ni 5 kwa 1, 1/100 ni 10 kwa 1, 1/50 ni 20 kwa 1, 1/20 ni 50 kwa 1. Yale madirisha ya ukurasa uyape skeli na kuyafunga kabla ya kuhifadhi kiolezo. Hakikisha INSUNITS ni 6 (mita) na MEASUREMENT ni 1 (vipimo vya metriki). INSUNITS ikibaki 0, programu haina uhakika wa kipimo, na mlango wa 900 uliochorwa na mtu wa milimita unaweza kuingia kwenye sebule yako na upana wa mita 900.

Faili ya mpimaji ardhi usiimwage ndani ya mchoro wa nyumba. Lubumbashi iko katika ukanda wa 35 Kusini wa UTM, mfumo wa ramani unaohesabu mahali kwa mita: X inakuja karibu na 550 000 na Y karibu na 8 710 000. Ukichora mbali hivyo na sifuri, hachi zinaanza kukataa. Chora nyumba karibu na 0,0, kisha iambatishe kama xref ndani ya plani ya parseli.

Nimrudie mwenzako. Faili ya nyumba iliyokwisha haiwezi kuwa kiolezo, kwa sababu inabeba kila kitu cha mteja yule: jina lake ndani ya _DWGPROPS (sifa za faili) ambamo hakuna anayechungulia, namba ya parseli kwenye ukurasa wa nne wa kartushi, xref zinazotafuta folda iliyokwisha futwa, kalke 140 zenye majina ya mtu aliyeacha kazi. Dosie ya ruhusa ya kujenga ikirudishwa kwa sababu ukurasa mmoja unataja parseli ya mtu mwingine, mteja hataelewa maelezo ya _PURGE. Anza na acadiso.dwt tupu, jenga kiolezo chako kwa utaratibu, pitisha _AUDIT ya kukagua makosa, pitisha _-PURGE na herufi R kwa takataka ambazo dirisha la kawaida linaziruka, hifadhi. Kiweke kwenye D:, si katika AppData, kwani fundi wa kompyuta akiformati C: hakuulizi. Katika Options, sehemu ya Fichiers, elekeza folda ya violezo na kiolezo cha _QNEW huko D:. Kama kuna mwenzenu mwenye toleo la 2013 hadi 2017, hifadhi kama DWG ya 2013 na ubadilishe kiishio kuwa .dwt, ndani ni faili ya aina ile ile.

Kuna na wale wanaouza kwenye makundi ya WhatsApp "violezo vya kitaalamu", giga 4 ndani ya zip moja, pamoja na bloku 10 000 na programu "iliyofunguliwa". Hivyo vinavyoitwa vya kitaalamu vingi ni miradi ya watu iliyofutwa nusu. Unalipa dola chache, unapokea fonti zisizokuwepo, skeli za inchi, na pengine mgeni. Mwaka 2012 kampuni ya usalama ESET ilielezea kirusi cha AutoCAD, ACAD/Medre.A, kilichosambaa hasa Peru, kikituma michoro ya watu kwa barua pepe hadi China. Kilikuwa kidogo, kimeandikwa kwa AutoLISP, lugha ya kuandikia programu ndogo ndani ya AutoCAD, na kilisafiri kama faili ya acad.fas iliyokaa kimya pembeni ya DWG ndani ya folda. Mtu alifungua mchoro, na programu yenyewe ikapakia kilichokuwa jirani.

Tangu AutoCAD 2014 kuna SECURELOAD, mpangilio wa kuzuia hilo, na ajabu ni kwamba "mafundi" wengi, wanapokuwekea programu ya wizi, huishusha hadi 0 ili vitu vyao vipite bila onyo. Piga SECURELOAD leo: ikiwa 0, irudishe 1. Kisha, katika kila folda uliyopewa na mtu, kabla hujafungua DWG hata moja, tafuta acad.lsp, acaddoc.lsp, acad.fas na acad.vlx. Kama si wewe au ofisi yako mlioziandika, zifute.