Riwaya isiyo na sungura wala fisi: jibu kwa mwalimu wa darasa la tatu, Arusha

Mwalimu mwenzangu wa Arusha, swali lako nimelisoma mara mbili. Una darasa la tatu lenye watoto 74. Umepewa nakala moja ya riwaya fupi ya watoto, hamna sungura wala fisi wala jini, ni maisha tu ya familia moja ya wavuvi. Unaogopa watoto wako watapotea njia kwa sababu bahari hawajaiona hata kwa mbali, na unauliza uiache utafute kitabu cha migombani.

Usiiache. Nitakueleza kwa nini, na yaliyonikuta, maana mwaka wa kwanza wa kuwasomea watoto riwaya niliharibu vibaya.

Mimi niko Moshi, darasa la tatu nimelishika mwaka wa 11 sasa. Kitabu ninachowasomea ni cha wavuvi hivyohivyo. Jina lake silijui. Nilikinunua kwa wauza vitabu vya zamani wanaotandika turubai pembeni mwa barabara, shilingi 2,000, hakina jalada wala kurasa za mwanzo. Kina sura tisa. Kijana anaishi na babu yake pwani ya Tanga, karibu na mahali mto Pangani unapoingia baharini. Siku moja anachukua wavu wa babu bila ruhusa, unanasa kwenye mwamba na kuchanika, anauficha kichakani. Akiulizwa anasema kamwazima jirani. Basi, uongo unazaa uongo mpaka jirani anaitwa mwizi mbele ya watu.

Kwanza tuseme ukweli kuhusu hao watoto. Darasa la kwanza na la pili tunakazana na KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, kwa hiyo wengi wanafika la tatu wanaunganisha silabi vizuri, hata zile za mwambatano zinazowatoa jasho. Lakini wanaimba. Kuna binti alinisomea "Mama aliinjika chungu jikoni" bila kukosea hata herufi, sauti nzuri kama ya kwaya. Nikamuuliza, mama aliinjika chungu wapi? Akatazama dari. Na akipewa kifungu chenye maswali matano anapata yote matano, maana mbinu anaijua: swali likisema "Juma alikwenda wapi?" anatafuta neno "alikwenda" kwenye habari, ananakili linalofuata. Hapo hajaelewa kitu. Habari ya aya mbili haimlazimishi kuelewa. Hadithi ya sura tisa inamlazimisha, kwa sababu Alhamisi inambidi akumbuke kijana alimwambia nini babu siku ya Jumatatu.

Sungura na fisi siwadharau, nawapenda. Ila mtoto wa Kitanzania anajua sungura atashinda kabla hujafungua kitabu. Hana cha kuhukumu. Kwa kijana aliyechana wavu hajui amchukie au amhurumie, na hapo ndipo anaanza kusikiliza maneno.

Sasa kosa langu. Mwaka wa kwanza nilifikiri kama unavyofikiri wewe, kwamba kizuizi ni bahari. Nikajaza ubao msamiati: ngalawa, tanga, nanga, dema, jarife, kupwa, kujaa, bamvua, maneno 23. Wakanakili. Kesho yake imla. Siku ya tatu mtoto mmoja wa dawati la nyuma akanyoosha mkono kwa adabu zote: "Mwalimu, hadithi inaanza lini?" Tulifika sura ya nne muhula ukaisha, na sikumlaumu mtu.

Mwaka uliofuata sikuandika neno hata moja ubaoni. Niliingia, nikakaa kwenye ukingo wa meza, nikauliza: nani amewahi kupoteza au kuharibu kitu cha nyumbani akanyamaza?

Kimya. Wanatazamana. Halafu kijana mmoja akasema alitumwa chumvi na kiberiti Mbuyuni na noti ya elfu tano, chenji ikapotea njiani, akaenda kusema muuzaji hakuwa na chenji, turudi kesho. Mama yake akaenda kesho. Darasa likalipuka. Binti mwingine akaeleza alivyovunja chupa ya chai ndani kwa ndani, akaifunga kifuniko, akairudisha kabatini imesimama vizuri ili atakayeigusa kwanza aonekane ndiye. Aliyeigusa ni mjomba. Hadi leo, akasema kwa sauti ya chini, mjomba anajua ni yeye mjomba.

Baada ya hapo nikafungua kitabu. Hakuna aliyeniuliza ngalawa ni nini mpaka sura ya tatu, na aliyeuliza alijibiwa na jirani yake kutoka kwenye mchoro: "Mtumbwi wenye mikono pembeni." Sikuwa na la kuongeza.

Kwa hiyo ukichagua kitabu usipime mandhari, pima shida aliyonayo mtoto wa hadithi. Kama shida yake ipo mtaani kwenu Unga Limited na ipo kwetu Pasua, bahari itajisomesha yenyewe. Nimewahi kuwasomea kingine cha huku huku kwetu, kimejaa migomba na mlima, lakini mtoto wake ni mwema kuanzia mstari wa kwanza, anaamka mapema, anafagia, anafaulu. Walisinzia.

Halafu bahari ikaja kwa wakati wake, na hapa nikae kidogo kwa sababu ndipo nilipofurahi kuliko pote. Katika sura ya tano kijana anamwambia babu: Ijumaa asubuhi nilitembea kwa miguu hadi mwambani, nikamkuta jirani palepale, nikamwazima wavu, saa ileile tuliyokwenda mimi na wewe Ijumaa iliyopita maji yakiwa yamekupwa. Kitabu hakisemi kwamba ni uongo. Nikawaeleza habari ya maji. Kwa siku moja na kitu kidogo bahari hujaa mara mbili na kupwa mara mbili, na kila siku saa zake zinachelewa kama dakika 50 kuliko jana. Tukazidisha ubaoni: 50 mara 7 ni 350, karibu saa sita. Na kutoka maji kupwa hadi kujaa ni kama saa sita hizohizo. Niliacha hesabu pale nikanyamaza. Ikapita kama nusu dakika, kisha safu ya dirishani wakaanza kupiga kelele: "Muongo! Maji yamejaa! Alitembeaje?" Hilo swali la ufahamu hakuna neno la kunakili kwenye habari.

Jambo la pili, mto. Waliuliza bahari iko upande gani, nikachora. Mito mingi inayoshuka huku upande wetu wa Kilimanjaro huishia bwawa la Nyumba ya Mungu, lile lililojengwa miaka ya 1960. Kutoka hapo ndio mto Pangani unaanza safari, unapita Korogwe na Hale hadi kwa huyo babu. Na wewe wa Arusha usijione umeachwa, mto Kikuletwa unabeba maji ya mlima Meru humohumo. Mtoto mmoja akauliza akidondosha kandambili mtoni hapa, yule kijana ataiokota? Wakabishana mpaka kengele. Waliokwenda Nyumba ya Mungu kula samaki wakasema itakwama bwawani. Nadhani walishinda.

Kuhusu nakala moja. Usiwape wasome kwa kupokezana, mmoja anasoma na 73 wanachezea rula. Soma wewe kwa sauti, dakika 15, mwisho wa kipindi, wala usiwe na haraka. Usiku kabla ya hapo chagua aya moja tu, ile yenye moto, iandike kwenye manila kwa maka peni, herufi za kuonekana kutoka dawati la mwisho. Aya hiyo ndiyo wanaisoma wao, kwanza wote, kisha wawiliwawili, kisha yule anayejificha siku zote unamwomba mstari mmoja. Mimi manila za sura zote ninazo, zimekunjika kama ramani za zamani, natumia kila mwaka. Na kata hadithi pabaya. Ukisoma hadi mwisho wa sura umewapa ruhusa ya kusahau. Ukikata babu akiwa ameshika kitasa cha mlango, kesho wanakusubiri getini.

Usikipeleke kitabu kizima steshenari kutoa kopi 74. Gharama ni kubwa na mwandishi naye anakula kwa kalamu yake. Nenda maktaba ya mkoa, Arusha ipo na Moshi ipo, uulize. Na kabla ya kwenda mbali fungua kabati la ofisi ya mwalimu mkuu. Shule nyingi zilipata hadithi za Mradi wa Vitabu vya Watoto, ule ulioanza 1991, na zimefungiwa kwa kufuli zisichafuliwe na watoto.

Mwalimu wa taaluma atakuuliza hiki kimo wapi kwenye azimio la kazi, na kwamba upimaji wa darasa la nne uko mlangoni. Mimi nakiandika kwenye andalio chini ya kusikiliza na kusoma kwa ufahamu, yanaisha. Usibishane naye.

Maswali: mwaka wa kwanza nilitoa maswali matano kila mwisho wa sura, yakaua hamu kama maji kwenye jiko la mkaa. Sasa nauliza moja, na mara nyingi ni lilelile: ungekuwa wewe ungemwambia babu leo, au ungengoja? Wanaandika mistari mitatu. Makosa ya tahajia nayaona, sisahihishi siku hiyo.

Kuna jambo ambalo hukuuliza lakini nitakuambia, kwa sababu mimi hakuna aliyeniambia. Hadithi za kweli zina misiba ya kweli. Sura ya sita tunajifunza kwamba baba wa kijana alizama. Mwaka ule wa pili nilisoma nikiwa nimechanganyika na utamu wa sauti yangu mwenyewe, na nilipoinua macho binti mmoja alikuwa amelaza kichwa kwenye dawati. Baba yake alifariki Januari, na mimi mwenyewe nilikwenda kuzika. Nilisahau. Alikuwa halii kwa sauti, alikuwa anakunja na kukunjua kona ya daftari. Siku hizi nakisoma kitabu chote kwanza nikiwa na orodha ya darasa mkononi, na mtoto wa namna hiyo namwita pembeni siku moja kabla, namwambia kesho kuna habari ya baba, ukitaka utakaa, ukitaka utanipelekea rejista ofisini ukakae na matroni. Wengi wanakaa. Yule binti naye, nilipomwomba radhi, aliniuliza kama ningeweza kuisoma tena ile sehemu ambayo babu anataja jina la mwanawe.

Lugha haitakusumbua sana. Watoto wa huku wataleta Kichaga au Kimaasai kidogo kwenye majibu, waache. Maneno ya pwani wanayapenda, "bamvua", yaani maji yanapojaa kupita kawaida, waliligeuza jina la utani la kijana mmoja mnene kabla sijawahi kulieleza vizuri. Nililikataza, bila mafanikio.

Mwisho kabisa. Kwa kuwa kitabu changu hakina jalada, tukimaliza kila mtoto anakipa jina na kuchora jalada. Mwaka jana nilipata wavu mwingi, bahari nyingi, na moja "Usichukue Vitu vya Watu" ambalo nadhani liliandikwa na dada yake. Kulikuwa na kijana mmoja, msomaji wangu mzito kuliko wote, kila neno analipanda kama mlima. Aliandika BABU ALIJUA, kwa herufi kubwa, bila mchoro.

Nikamwambia hapana, babu anajua sura ya nane, wavu unapoletwa. Akatikisa kichwa. Akaniomba kitabu, akafunua, kidole kikitambaa chini ya mistari, hadi sura ya tatu, siku mbili tu baada ya wavu kuchanika. Babu anamaliza kula, ananawa, anasema: Jumamosi twende sokoni tukanunue uzi.

"Uzi wa nini, mwalimu," akaniuliza, "kama wavu ni mzima na uko kwa jirani?"

Mstari huo nilikuwa nimeusoma kwa sauti miaka minne.