Difu hii ni ngapi kwa ngapi?

SWALI: Nimenunua Toyota Hilux ya zamani, fowili, kwa mtu. Difu ya nyuma inavuma, na fundi anasema krauni na pinioni zimekwisha. Kila duka la spea wananiuliza "ngapi kwa ngapi?" nami sina jibu. Ni lazima difu ifunguliwe kwanza? (Msomaji, Mbeya)

JIBU: Si lazima. Wanachokuuliza ni meno ya krauni (gia kubwa ndani ya difu) kwa meno ya pinioni (gia ndogo inayoizungusha). Krauni ya meno 41 ikiwa na pinioni ya meno 10, unapata 4.100, yaani propela (shafti ndefu inayoleta nguvu kutoka giaboksi hadi difu) inazunguka mara 4.1 krauni inapozunguka mara moja. Kwenye Hilux utakutana pia na 43 kwa 10 (4.300), 41 kwa 9 (4.556) na 43 kwa 11 (3.909).

Tazama kwanza kibati cha gari, ambacho mara nyingi kimepigiliwa ndani ya boneti. Kwenye mstari ulioandikwa TRANS/AXLE kuna namba ya giaboksi na ya ekseli. Mpelekee muuza spea pamoja na namba ya chesisi. Ila kibati kinasema gari lilivyotoka kiwandani tu. Hilux iliyopita mikono kadhaa huenda imeshafungwa difu ya gari jingine, kwa hiyo hesabu mwenyewe kabla hujatoa hela.

Egesha mahali tambarare. Kinga tairi zote mbili za mbele kwa magogo, mbele na nyuma yake, maana itabidi uachie hendibreki, nayo ndiyo inayoshika tairi za nyuma. Gia iwe huru, na lever ya fowili iwe H2 (tairi za nyuma tu ndizo zinazosukuma). Inua tairi moja tu ya nyuma, weka stendi imara chini ya ekseli, ile nyingine ibaki imekanyaga ardhi. Usiingie uvunguni gari likiwa limeshikwa na jeki peke yake.

Difu iliyolika ina ulegevu mwingi. Zungusha tairi polepole mpaka propela ianze kusogea, simama hapo, ndipo uchore chaki: mstari mmoja kwenye tairi, mwingine kwenye propela karibu na flanji inayoiunganisha na difu, na alama ya kuulinganisha kwenye nyumba ya difu. Sasa msaidizi azungushe tairi upande uleule mizunguko 20 kamili huku wewe ukihesabu propela. Jibu ligawanye kwa 10. Propela ikizunguka mara 41, difu ni 4.100, mara 43 ni 4.300, mara 45 na nusu ni 41 kwa 9. Ukishuku 41 kwa 9, rudia kwa mizunguko 18 ya tairi: propela itazunguka 41 na chaki itarudi palepale ilipoanzia.

Tunagawanya kwa 10 kwa sababu tairi moja ikizuiwa, gia ndogo za ndani ya difu huifanya ile iliyo hewani izunguke mara mbili kwa kila mzunguko mmoja wa krauni. Wengi hukosea hapa, wakapata 2.05 na kushangaa. Wengine huzungusha tairi mara 2 tu ili wamalize haraka. Kwa kipimo hicho 4.1 na 4.3 zinaachana kwa moja ya tano ya mzunguko wa propela, na ulegevu wa difu na jointi unaweza kukupoteza.

Ukiinua tairi zote mbili, ile nyingine itazunguka kinyumenyume na propela itabaki imetulia. Zikizunguka upande mmoja, difu yako ni ya loki au ya kuzuia kuteleza. Hapo acha zote hewani, zungusha mara 10, gawanya kwa 10.

Nunua krauni na pinioni zilizooanishwa, zenye namba moja ya seti. Zimesagwa pamoja kiwandani. Ukibadilisha moja tu, mvumo utarudi.

SWALI: Nikikosa 41 kwa 10, naweza kuweka 41 kwa 9 nyuma tu? (Msomaji yuleyule)

JIBU: Usithubutu. Mbele na nyuma zitapishana kwa asilimia 11. Ukiingiza H4 (tairi zote nne zikisukuma) kwenye lami, propela zitavutana, tairi zitaburuzika, na kitu kitavunjika: jointi, cheni au gia za transfa (kisanduku kinachogawa nguvu mbele na nyuma), au difu yenyewe. Hata ukibaki H2, kwa kuwa spidomita inachukua mwendo kutoka upande wa giaboksi, itakuonyesha 100 ukiwa unakwenda 90.

Difu ya mbele ipime kwa njia ileile, safari hii ukikinga tairi za nyuma na kuvuta hendibreki. Lever ibaki H2, na loki za habu za mbele (zinazounganisha tairi na ekseli) ziwe LOCK, vinginevyo tairi itazunguka peke yake bila kugusa propela.