Waliorudi bila kuulizia chumvi

Jinja, Jumapili jioni

Mwanangu Baba Zuhura,

Salamu nyingi kwako, kwa mkaza mwanangu na kwa wajukuu. Huku sote wazima, ila mvua imegoma na vumbi limehamia sebuleni kama mpangaji.

Sauti uliyonitumia nimeisikiliza mara tatu. Unasema wakwe zako wanakuja huku Uganda Desemba kutoka Mombasa, siku nane, na baba mkwe wako ameshapelekwa mara mbili mahali penye sifa akarudi amenuna wiki nzima. Sasa unaniuliza: "Mama, hayo maporomoko na hao gorila wanaosifiwa ni kweli, au ni picha tu? Nisije nikaumbuka." Nimeona nikujibu kwa kalamu, maana kwenye simu hunikatiza kila nikivuta pumzi, tabia uliyorithi kwa baba yako.

Wewe unajua nilivyowapikia wageni wa safari miaka kumi na minane. Wao wakienda kutazama, mimi nabaki kambini na masufuria. Kwa hiyo vivutio vingi nilivijua kwa nyuso za waliorudi kabla sijaviona kwa macho yangu. Mgeni aliyevunjika moyo hasemi, kwa sababu amelipa pesa nyingi na anaona haya. Hasira anaihamishia kwenye sahani. Wali una mawe, chai haina tangawizi, kuku mgumu. Na kuku ni wa bucha lile lile la jana aliyesifiwa! Aliyeshiba macho huketi, anakula chochote, wala haulizii chumvi. Sijawahi kupata kipimo kingine kinachokishinda hicho.

Basi siku ya maporomoko ya Murchison ndiyo siku niliyokuwa nikipasha chakula mara mbili. Watu wanarudi wamelowa, wanakaa kwenye viti, wanazungumza kwa sauti ya juu kama viziwi, na maharage yanapoa mbele yao. Mwaka wangu wa nne kazini dereva akaniambia, "Mama Hamisi, funika sufuria, twende nawe ukaone." Nikafunika.

Mto wenyewe ni huu huu Naili wa kwetu, ulioogelea ukichapwa kila Jumamosi. Hapa Jinja ni mpana na mtulivu. Kule maji yake karibu yote yanasukumwa kwenye mwanya wa miamba wa kama mita 7. Basi lenu la kutoka Mombasa likiwekwa kwa ubavu lingeuziba, na kichwa kingebaki nje. Kisha yanaanguka mita 43. Nilikuwa nimeshika kikombe cha chai, nikatazama chini, chai ilikuwa inafanya vijiduara peke yake. Nilidhani ni mkono wangu. Nikakiweka juu ya jiwe, vijiduara vikaendelea. Nikavua ndala, nikasikia nyayo zinatetemeka. Picha zote za pale nilizowahi kuziona ni za kweli, lakini hakuna hata moja inayotetemeka.

Wapeleke kwa mpangilio huu, usiugeuze: kwanza mashua kutoka Paraa, kupanda mto. Viboko wamejaa, na mamba wamelala kingoni midomo wazi. Kadiri mnavyokaribia mtaona mapovu meupe yanaelea juu ya maji, utadhani kuna mtu anafua huko mbele. Mashua haifiki chini kabisa ya maporomoko, nguvu ya maji hairuhusu, na pale baba mkwe wako anaweza kusema "Ndiyo haya tu?" Mwache aseme. Kesho yake muwapeleke juu kwa gari. Ipo njia ya miguu ya kupanda kutoka chini, lakini ni mlima na jua la Desemba kule halina huruma. Huko juu ndiko atakakonyamaza. Mshike mkono, mawe yamelowa na yanateleza.

Na kwa kuwa mzee ni mwalimu wa historia, mbebee hili. Jina la Murchison lililetwa na mpelelezi wa Kiingereza, Samuel Baker, mwaka 1864, lakini watu wazima wa huku bado wanayaita Kabalega, kwa jina la mfalme wa Bunyoro aliyepigana na Waingereza miaka mingi mpaka wakamkamata 1899 na kumpeleka Shelisheli. Pembeni ya maporomoko hayo makubwa kuna mengine. Mto ulifurika mwaka 1962 ukajipasulia njia ya pili, na kwa kuwa ndio mwaka nchi ilipopata uhuru, maporomoko hayo yakaitwa Uhuru. Neno letu la Kiswahili, limekaa huko porini lenyewe. Mwoneshe yote mawili kwa wakati mmoja kisha usiseme neno, mwalimu mstaafu hufurahi kujieleza mwenyewe.

Jambo moja kuhusu mama mkwe wako, na umwambie kwa adabu kupitia mkeo. Mbung'o wa kule hupenda nguo nyeusi na za buluu. Buibui siku hiyo litamtesa. Achukue dera la rangi ya mchanga na mtandio mweupe. Mimi niliwahi kumwona mgeni mmoja mwenye suruali ya jinzi akicheza ngoma isiyo na mdundo.

Sasa hapa nyumbani. Chanzo cha Naili ndicho kinachoniogopesha kuliko vyote, kwa sababu ndicho chenye sifa kubwa na ndicho kinachonunisha watu. Mgeni anatoka mbali akitarajia chemchemi inayobubujika kutoka ardhini, au maporomoko kama aliyoyakuta Speke, mpelelezi mwingine wa Kiingereza, mwaka 1862. Hayapo. Yale ya Ripon yalizama lilipojengwa bwawa la Owen Falls, lililofunguliwa 1954. Kinachobaki ni ziwa linalogeuka kuwa mto, mahali maji yanapoviringika kidogo, na kibao. Siku za chanzo nilikuwa naongeza nyama kwenye mchuzi makusudi, kwa kuwa najua watakavyorudi.

Hata hivyo usiwafiche. Waambie wangali kwa basi kwamba hakuna maporomoko, kisha wapande mashua jioni, jua likiwa limeegemea. Ukitazama nyuma ni ziwa lisilo na mwisho, mbele maji yameanza kuwa na haraka, na yanaelekea Misri. Mwonyeshe mzee sanamu ya Gandhi, sehemu ya majivu yake ilimwagwa hapo 1948. Halafu muwapeleke Mpumudde, dakika chache tu kutoka mjini. Hapo ndipo alipofia Kabalega mwaka 1923, akiwa njiani kurudi kwao kutoka uhamishoni. Alirudishwa Uganda lakini Bunyoro hakuiona tena. Jina la mahali hapo kwa lugha ya huku ni kama kusema "nimepumzika". Watalii karibu hawafiki. Kwa mzee huyu, nadhani Mpumudde patamshika kuliko kibao cha Speke.

Gorila. Najua hapa ndipo ulipokuwa ukiningojea.

Ni kweli, tena wanazidi sifa. Mimi nilikwenda mara moja, mwaka niliostaafu, kwa pesa yangu, na bei sikumwambia baba yako mpaka leo, kwa hiyo barua hii usimsomee. Tulitembea saa tatu na nusu katika msitu wa Bwindi, matope, upupu, miiba, nikimlaani aliyenishauri. Kisha askari akainua mkono. Gorila jike alikuwa ameketi anaambua shina la mmea, analivua ganda kama sisi tunavyomenya muwa, na kucha zake zilikuwa zimechakaa kama za babu yako mwisho wa maisha yake. Mtoto akamkanyaga usoni, akamtoa kwa mkono mmoja bila hata kumtazama, kama mama yeyote aliyechoka. Dume lake kubwa lilikuwa nyuma ya kichaka, na niseme ukweli, lilikuwa linajamba. Sana. Miaka yote ile ya picha na vitabu hakuna aliyeniambia. Nilicheka mpaka barakoa ikalowa, na mzungu mmoja mzito aliyekuwa hajatabasamu tangu asubuhi naye akashindwa kujizuia.

Unapewa saa moja tu, na watu hawazidi wanane kwa kundi moja. Saa ile sikuihisi. Wanyama wenyewe ni wachache: hesabu iliyotangazwa mwisho wa 2019 ilikuta gorila wa milimani 1,063 duniani kote, na 459 kati yao walikuwa Bwindi na kipande cha msitu unaoungana nao upande wa Kongo.

Lakini pima magoti kabla ya mfuko. Kundi laweza kupatikana baada ya nusu saa au baada ya saa sita, hakuna anayekuahidi. Baba mkwe wako alifanyiwa upasuaji wa goti mwaka jana. Kama ni lazima, wapo vijana wa kumbeba kwa machela, na nimeona wazee wakipandishwa hivyo, lakini namjua, atakataa kwa heshima yake kisha ataumia. Bei ya kibali kwa wageni wa nje ilipangwa kuwa dola 800 Julai 2024, ila kwa nyinyi wa Afrika Mashariki iliwekwa shilingi 300,000 za Uganda kila mmoja. Kinunueni mapema, na kila mtu abebe kitambulisho. Zuhura usimpe matumaini, chini ya miaka 15 haruhusiwi. Mwenye mafua pia anarudishwa, maana gorila huambukizwa magonjwa yetu. Na njia ya kutoka Kampala ni siku nzima ya kukaa garini.

Jioni mtaitwa kutazama ngoma ya Watwa. Sikukatazi. Ujue tu kwamba wale ndio waliokuwa wakiishi humo msituni, wakaondolewa 1991 ulipofanywa hifadhi ya taifa, na sasa wanacheza nje ya uzio kwa ajili ya wageni waliotoka kutazama gorila. Mimi chakula cha usiku ule hakikunipita, na si kwa sababu ya kushiba macho.

Ushauri wangu kwa siku nane: Murchison, Jinja, Kampala. Bwindi nendeni wewe na mkeo siku nyingine, mtuachie watoto.

Kutoka Kampala kuna Mabamba, kinamasi kilicho kando ya ziwa, karibu na Entebbe. Hapo ni mtumbwi na ndege mmoja, korongo nyangumi, mrefu kama Zuhura, mwenye mdomo mithili ya kiatu cha mbao. Anasimama. Unangoja. Anaendelea kusimama. Utadhani ni mchezo, kisha anajirusha mzima mzima kwenye majani. Wavuvi wa zamani walimwona ndege wa mkosi, kwa kuwa anawala samaki wao. Waonye wakwe mapema: mpiga kasia atasema ndege huyu anakula "mmamba", na kwa Kiganda huyo ni kamongo, samaki wa matopeni. Mwaka mmoja nilikuwa na wageni wawili kutoka Tanga, waliposikia mamba yuko chini ya mtumbwi wakaanza kusoma shahada. Mamba wetu kwa Kiganda ni "goonya". Nendeni alfajiri.

Kampala penyewe, wapandishe mnara wa msikiti mkuu wa Old Kampala, ule ulioanzwa enzi za Amin na kufunguliwa 2008 kwa fedha za Gaddafi. Goti likikataa mzee abaki chini atazame zulia. Mnara huu hauna jina kubwa kwa watalii, lakini mji wote unauona umelala vilimani, na sijamwona mtu akishuka na malalamiko isipokuwa ya miguu.

Simba wanaopanda miti wa Ishasha, upande wa kusini wa hifadhi ya Queen Elizabeth, achaneni nao safari hii. Wapo, wanapanda, ila hawana mkataba na mtu. Niliwahi kuwa na kundi lililoahidiwa na ofisi yetu kwamba litawaona "bila shaka". Walizunguka saa saba, wakaona miti. Usiku ule nilirudishiwa supu mara mbili. Na wale vijana wa Kayabwe kwenye mstari wa ikweta, wenye mabeseni, wanaoonesha maji yakizunguka kulia na kushoto, wape elfu mbili kwa ufundi wao, lakini beseni halijui ikweta iko wapi. Maji yanafuata mkono wa anayemimina.

Mkija kutoka Kampala mtasimama Namawojjolo kununua gonja, yaani ndizi za kuchoma, na kuku wa kuchoma, kila mtu husimama. Vijana watayajaza madirisha kwa vijiti vya nyama. Uliza kwanza nani amechinja, na kama hujaridhika na jibu, chukua gonja peke yake, itawatosha mpaka hapa.

Mpakani kitambulisho cha taifa kinawatosha, ila kadi ya homa ya manjano wasiisahau. Nijulishe mapema kama mama mkwe wako bado anasema samaki wa ziwani hana ladha, nitafute mbuzi. Na wewe niletee ng'onda wawili. Wa kweli, si wale wa mwaka jana.

Mama yako