Maswali ya Wasomaji: Katalogi ya duka, karatasi au diski?

SWALI: Ndugu Mhariri, nina duka la zana za uvuvi hapa Kirumba, Mwanza, si mbali na Mwaloni. Ninauza nyavu, kamba, maboya, ndoana, taa za sola za kuvulia dagaa na vipuri vya injini za mitumbwi, jumla ya bidhaa zipatazo 400. Kila mwaka ninachapisha katalogi ya rangi, ambayo wateja wangu wa Ukerewe, Sengerema na Musoma huitumia kuagizia. Mwaka huu gharama za uchapaji zimepanda, na bei za bidhaa zimebadilika kabla hata nusu ya nakala hazijatoka dukani, ikabidi kijana wangu akae siku mbili akizisahihisha kwa kalamu. Mpwa wangu ananishauri niachane na karatasi kabisa, katalogi yote niichome kwenye CD. Je, nimsikilize? Na kama ni sawa, nianzie wapi?
Mfanyabiashara, Kirumba

JIBU: Mpwa wako ameliona tatizo, lakini dawa yake inatibu nusu tu. Kilichokutia hasara mwaka huu ni bei zilizochapwa ndani ya kurasa, pembeni ya picha, mahali ambapo haziwezi kubadilishwa bila kubadilisha kitabu kizima. CD ya kawaida ya kuchoma mara moja ina tabia hiyohiyo: ukishamaliza kuichoma na kuifunga isiandikwe tena, huwezi kufuta wala kuongeza kitu. Ukihamishia kurasa zako kwenye diski jinsi zilivyo, mwakani utakuwa na boksi la diski zenye bei za zamani, na safari hii kalamu ya kijana wako haitafaa kitu.

Kwa hiyo anza kwa kutenganisha. Katalogi ibaki na picha, maelezo, vipimo na namba ya kila bidhaa. Bei ziwe kwenye karatasi moja au mbili zenye tarehe juu, zikifuata namba zilezile. Bei zikipanda unatoa karatasi mpya ya bei, na katalogi inaendelea kutumika hadi bidhaa zenyewe zitakapobadilika. Namba hizo zitumike pia kwenye profoma, kwenye stakabadhi na kwenye leja ya stoo, ili mteja wa Musoma akipiga simu na kusema anataka vipande 10 vya namba 214, asiwepo mtu wa kuuliza ni nyavu gani anayoisema.

Baada ya hapo tengeneza jedwali moja kwenye kompyuta, bidhaa moja kwa kila mstari, na humo uweke majina mawili: lile la kiwandani na lile ambalo mvuvi hulitaja akifika kaunta. Jambo hili hudharauliwa sana, ilhali faida kubwa ya katalogi ya kompyuta kuliko ya karatasi ni kule kutafuta kwa neno. Kama jedwali lako lina jina la Kiingereza la kiwandani pekee, mteja atakayeandika "plagi" kwenye kisanduku cha kutafutia ataambiwa hakuna kitu, naye ataamini kwamba kweli huna.

Kuhusu picha, piga hesabu mapema. Picha ya simu ya siku hizi hufika MB 3 kwa urahisi. Kwa bidhaa 400 hizo ni MB 1,200, na CD hubeba takribani MB 700 tu. Unaweza kukimbilia DVD, ambayo hubeba GB 4.7, lakini ni afadhali upunguze ukubwa wa picha hadi KB 150 hivi kila moja, ambao kwenye kioo cha kompyuta unatosha kabisa, na zote kwa pamoja zitakuwa MB 60. Kisha hifadhi katalogi kama faili la PDF. Mfumo huo umekuwapo tangu mwaka 1993, hufunguka kwenye kompyuta na kwenye simu, na kurasa hazihami mahali pake. Fundi akikushauri akuandikie programu maalumu ambayo mteja lazima aisimike kwanza ndipo aione katalogi, mshukuru na umlipe chai yake, lakini usikubali.

Sasa tuje kwenye diski yenyewe. Kompyuta mpakato nyingi mpya hazina mahali pa kuingizia CD, na simu haijawahi kuwa napo. Hata kampuni ya IKEA ya Uswidi, iliyoanza kutoa katalogi yake mwaka 1951 na kutangaza Desemba 2020 kwamba haitaichapisha tena, haikuwapelekea wateja wake diski badala ya kitabu, iliwaelekeza mtandaoni. Kabla hujanunua diski hata moja, wapigie wateja wako 10 wakubwa uwaulize watazifungulia nini. Vyama vya ushirika, shule na ofisi zenye kompyuta za mezani huenda bado zinazisoma, na kwao diski ina sifa moja ambayo flashi haina: ikishafungwa haibadiliki, hivyo haiwezi kuokota virusi vya kompyuta moja na kuvipeleka kwenye nyingine, ilimradi kompyuta iliyoichoma ilikuwa safi. Kila aliyewahi kupeleka flashi steshenari anajua ninachokisema. Wateja wa simu uwatumie faili lilelile, ila ulikate vipande: nyavu peke yake, taa peke yake, vipuri peke yake. Mtu wa kisiwani hatakubali kumaliza bando lake kwa kupakua MB 60 kwa ajili ya boya moja.

Hata hivyo, usiitupe karatasi yote, na hapa ndipo ninapotofautiana kabisa na mpwa wako. Niliwahi kumwona mvuvi mmoja akitoa ndoana iliyokwisha kutu mfukoni mwake, akailaza juu ya picha kwenye katalogi iliyochapwa kwa ukubwa halisi, akaisogeza kwa kidole kutoka picha hadi picha mpaka ikafunika moja sawasawa, kisha akasema, "Hii." Hakuuliza namba, na ndoana zenyewe zina namba za kuchanganya, kwa kuwa katika mfululizo wa kawaida namba ikiwa kubwa ndoana huwa ndogo. Kioo cha simu hakiwezi kufanya kazi hiyo, maana picha hukuzwa na kupunguzwa kwa vidole na ukubwa halisi hupotea palepale. Chapisha ukurasa mmoja mgumu wa ndoana kwa ukubwa wake halisi, uuambatanishe na karatasi ya bei. Gharama yake ni ndogo sana ukilinganisha na kitabu kizima.

Nyavu nazo zinahitaji uangalifu. Nyavu nyeupe ikipigwa picha juu ya meza nyeupe haionekani. Itandaze juu ya kitambaa cheusi, livute tundu moja hadi linyooke, na ulaze rula pembeni ili mtazamaji asome kipimo toka fundo hadi fundo. Tundu lililolegea hupimika dogo kuliko lilivyo, na ugomvi wa aina hiyo huishia kwa nyavu kurudishwa dukani ikiwa na harufu ya samaki.

SWALI: Ndugu Mhariri, chama chetu kilipewa CD ya katalogi ya vifaa, nayo sasa inakwama katikati. Tuliiandika jina kwa kalamu ya wino wa kawaida. Je, inaweza kuwa ndiyo sababu?
Katibu wa ushirika, Nansio

JIBU: Inaweza. Watu wengi hulinda upande unaong'aa na kusahau kwamba kwenye CD tabaka lenye taarifa liko karibu na upande wa juu, ule unaoandikwa. Ncha ngumu ya kalamu ikilikwaruza tabaka hilo, hakuna la kufanya. Wakati mwingine tumieni kalamu ya wino yenye ncha laini. Kwanza ifuteni upande wa chini kwa kitambaa laini, mkitoka katikati kwenda ukingoni bila kuzungusha, kwa sababu huenda ni vumbi au alama za vidole tu. Ikifunguka, nakilini faili lote kwenye kompyuta ya chama siku hiyohiyo.