Kundi Ni Lilelile, Mbona Damu Imekataa?

Maswali ya leo yanahusu makundi ya damu ambayo wengi wetu huyasikia kwa mara ya kwanza siku mgonjwa wetu anapokosa damu inayompata.

Swali: Mimi ni O chanya, na damu iliyoletwa ilikuwa O chanya. Maabara wakasema hazipatani. Inawezekanaje?

Inawezekana, ndugu yangu, kwa sababu "O chanya" hueleza habari za antijeni chache tu, yaani alama zilizo juu ya chembe nyekundu za damu. Herufi O inasema kwamba chembe zako nyekundu hazina antijeni A wala B, za mfumo ambao Karl Landsteiner aliutangaza mwaka 1901, na neno "chanya" linasema kwamba unayo antijeni D ya mfumo wa Rh. Kadi inaishia hapo. Lakini juu ya chembe hizohizo kuna mifumo mingine, Kell, Duffy, Kidd, MNS na mingineyo, na mifumo yote kwa jumla imezidi 40. Wataalamu huiita makundi madogo, jina ambalo sijawahi kulipenda, maana mgonjwa anayevunjikiwa chembe mwilini kwa sababu ya Kidd haoni udogo wowote.

Kingamwili, yaani askari wa mwili wanaoshambulia antijeni ngeni, dhidi ya A au B ambayo mtu hana, yeye huwa nazo tangu utotoni bila kuguswa na damu ya mwingine. Kingamwili dhidi ya antijeni K (ya mfumo wa Kell) au Jka (ya Kidd), kwa kawaida, hutokea baada ya kuongezewa damu au kubeba mimba. Maabara huzitafuta kwa kipimo cha Coombs, kilichotangazwa mwaka 1945: plazma ya mgonjwa, yaani majimaji ya damu yake, huchanganywa na chembe za mchangiaji, huwekwa kwenye joto la mwili la nyuzi 37, chembe huoshwa, kisha huongezwa kitendanishi kinachounganisha chembe zilizokwisha kushikwa na kingamwili. Mashine ikishazungusha mrija wenye mchanganyiko huo, chembe hutulia chini kama kifungo chekundu, na mpimaji hukitikisa taratibu sana mbele ya mwanga. Zikitawanyika kama moshi, hakuna kilichozishika. Zikiinuka vipande vipande, chupa hiyo hairuhusiwi kumfikia mgonjwa.

Swali: Miaka sita iliyopita mama aliambiwa ana kingamwili "anti-Jka". Juzi hospitali nyingine imempima na kusema hana. Je, amepona?

Hajapona, na hili naomba ulishike kuliko mengine yote niliyoandika leo. Jka ni antijeni ya mfumo wa Kidd, uliotambuliwa mwaka 1951, na kingamwili zake zina tabia ya kufifia upesi hadi kipimo kisizione. Kumbukumbu ya kinga, hata hivyo, haifutiki. Mama akipewa damu yenye Jka leo, kipimo kitakuwa safi na saa za mwanzo zitapita salama. Kisha mwili utakumbuka, utazalisha kingamwili kwa wingi ndani ya siku chache, nazo zitaanza kuvunja chembe alizoongezewa. Mara nyingi hilo hutokea kati ya siku ya 3 na ya 14, pengine mgonjwa akiwa amekwisha kurudi nyumbani: homa, macho ya manjano, mkojo wa rangi ya chai nzito, na hemoglobini iliyopanda ikashuka tena. Figo nazo zinaweza kuumia.

Kwa hiyo matokeo ya miaka sita iliyopita yana nguvu kuliko ya juzi. Apewe damu isiyo na Jka maisha yake yote, hata kama kila kipimo kitakachofuata hakitaona kitu. Nakili maneno "anti-Jka" yalivyo, pamoja na tarehe na mahali alipopimwa, mama ayabebe pamoja na kitambulisho chake, nawe uyahifadhi kwenye simu yako. Maabara mbili zisizowasiliana haziwezi kujua kilichoonwa na mwenzake, na katika hali ya dharura karatasi hiyo ndiyo itakayozungumza kwa niaba yake.

Swali: Nina mimba ya miezi minne na nimekutwa na anti-K. Mtoto yuko hatarini?

Inategemea iwapo mtoto amerithi antijeni K kutoka kwa baba yake, dada yangu, kwa hiyo hatua ya kwanza ni baba kupimwa. Kwa watu wenye asili ya Ulaya takriban 9 katika kila 100 wana K; kwa wenye asili ya Afrika ni kama 2. Baba asipokuwa nayo, mtoto hana cha kushambuliwa. Akiwa nayo, katika baadhi ya nchi hali ya mtoto inaweza kujulikana kwa kuchunguza DNA yake inayoelea katika damu ya mama.

Anti-K hupita kwenye kondo la nyuma na kuzishambulia hata chembe changa zinazotengeneza chembe nyekundu, ndiyo sababu mtoto anaweza kupungukiwa damu sana hata kama kiwango cha kingamwili kwa mama si kikubwa. Usitulizwe na namba ndogo. Omba ufuatiliwe kwa ultrasaundi inayopima kasi ya damu katika mshipa wa ubongo wa mtoto. Upungufu ukionekana, mtoto anaweza kuongezewa damu akiwa bado tumboni.

Swali: Mume wangu anataka kunichangia damu. Tunatarajia kuzaa tena.

Mshukuru, lakini amchangie mtu mwingine. Damu yake inaweza kukuzalishia kingamwili dhidi ya antijeni zilezile ambazo watoto wenu watazirithi kwake.

Swali: Nimeambiwa nina anti-Lea. Nianze kuhangaika?

Hapana. Lea ni ya mfumo wa Lewis, na antijeni za mfumo huo hazitengenezwi na chembe nyekundu zenyewe, hutoka kwenye plazma na kujipaka juu yake, na kingamwili zake ni nadra sana kuleta madhara.

Swali: Mwanangu ana selimundu. Kwa nini wanampima antijeni nyingi kabla hata hajaongezewa damu?

Wanafanya vizuri sana. Mtoto wa selimundu huenda akaongezewa damu mara nyingi maishani, na kila chupa ni nafasi mpya ya kutengeneza kingamwili. Ndiyo maana hupendekezwa alinganishwe na mchangiaji angalau kwa antijeni C na E za mfumo wa Rh, na K, zaidi ya ABO na D. Wakingoja hadi aongezewe, chembe za mchangiaji zitabaki mwilini mwake kwa wiki kadhaa na kuvuruga majibu, na hapo itabidi wapime jeni zake. Mwanao akipata maumivu makali na mkojo mweusi siku chache baada ya kuongezewa damu, mrudishe hospitali na utaje tarehe ya chupa ile, kwa maana hali hiyo hufanana mno na maumivu ya kawaida ya selimundu na huweza kupita bila kutambuliwa.

Swali: Kwa nini kumtafutia baba yangu chupa mbili tu kumechukua siku tatu? Ana anti-c na anti-Jka.

Hesabu yenyewe ndiyo ngumu, maana anahitaji damu isiyo na c (herufi ndogo, antijeni nyingine ya Rh) wala Jka. Miongoni mwa wachangiaji wenye asili ya Ulaya, kama mmoja kati ya 5 hana c, na kama mmoja kati ya 4 hana Jka. Anayekosa zote mbili ni kama mmoja kati ya 20, hivyo chupa mbili huhitaji kupima takriban 40. Miongoni mwa wenye asili ya Afrika, wasio na c ni kama 4 katika 100 na wasio na Jka kama 8, na hesabu ile inashuka hadi watu kama 3 katika 1,000, tena wawe wa kundi la ABO linalomfaa. Kama baba ana operesheni nyingine mbele, wajulishe benki ya damu siku ileile tarehe inapopangwa.