Karnivali niondolee, nenda wakati wa Bonfim

Mwanangu Rehema,

Barua yako nimeipata. Unasema umepewa likizo ya siku 10 mwanzoni mwa 2027, roho iko Brazili, na unauliza uende wakati wa Karnivali, ile sherehe yao kubwa ya mitaani, au la, ufikie wapi, na utakula nini wewe usiyegusa nguruwe. Brazili ni Tanzania mara tisa, kwa hiyo usijaribu kuimaliza. Chagua mji mmoja. Wako mimi nauona ni Salvador, kule Bahia, mji uliojengwa 1549 na uliokuwa makao makuu ya nchi hadi 1763. Huko Uafrika umebaki jikoni, na wewe kila safari yako huishia jikoni.

Karnivali niondolee. Mwaka huo inaanza Alhamisi tarehe 4 Februari mpaka Jumanne tarehe 9, na Ramadhani inatarajiwa kuandama humohumo. Hilo lingetosha, lakini tazama na hesabu. Siku hizo nyumba za wageni hazikuuzii usiku mmoja. Zinauza fungu zima la siku tano hadi saba, bei ikiwa imepaa. Mtaani kunapita trio elétrico, lori lililopangwa spika ubavu mzima na wanamuziki wamesimama juu yake, mtindo ulioanza 1950. Ukitaka kutembea ndani ya kamba inayolizunguka lori, unanunua abadá, fulana ya kikundi. Ukiikosa, uko nje ya kamba, na wa nje wanaitwa pipoca, yaani bisi, kwa jinsi wanavyorukaruka na kubanana. Simu nyingi hupotelea hapo. Wako wanaoipenda, sikatai. Ila wewe wa siku 10, tena safari ya kwanza, utalipa ghali na mji wenyewe hutauona.

Uwe umefika Jumanne tarehe 12 Januari. Alhamisi tarehe 14 ni Lavagem do Bonfim, siku ya kuosha ngazi za kanisa la Bonfim. Huangukia Alhamisi ya pili baada ya tarehe 6 Januari, ndiyo maana tarehe yake haitulii. Asubuhi watu hukusanyika kwenye kanisa la Conceição da Praia, mji wa chini, wakatembea kilomita kama 8 mpaka kilima cha Bonfim, wamevaa nyeupe tupu toka kichwani hadi miguuni. Kina mama wa Kibahia hutangulia na sketi zao pana na mitungi ya maji ya manukato, na hao ndio waoshaji. Weupe huo kwa Wakatoliki ni wa Bwana wa Bonfim, yaani Yesu; kwa watu wa Candomblé, dini iliyovushwa bahari na Waafrika waliouzwa utumwani, ni wa mungu wao Oxalá. Wewe vaa nyeupe kwa adabu, tazama, ibada waachie wenyewe. Vaa raba zilizokwisha kuzoea mguu, si mpya. Chukua kofia, maji, na pesa ndogo ndogo. Pasipoti iache chumbani, tembea na nakala. Njia hufungwa, basi ukitaka gari la kurudi tembea kwanza mitaa kadhaa mbali na umati, ndipo uite.

Utepe wa rangi wa Bonfim hufungwa mkononi kwa mafundo matatu, kila fundo na ombi lake. Kule Pelourinho, mtaa wa mji wa kale, atakuja mtu akufunge mmoja akisema ni zawadi, kisha akudai ununue furushi zima. Mkono uvute mapema, sema não, obrigada (hapana, asante), usisimame.

Ungechelewa mpaka tarehe 2 Februari ungeikuta sikukuu ya Iemanjá, mungu wa bahari wa Candomblé, ufukweni Rio Vermelho, maua na manukato vikipelekwa baharini kwa mashua. Lakini 2027 siku hiyo iko siku mbili tu kabla ya Karnivali, na chumba utakipata kwa bei ya Karnivali. Na kama bosi wako ataisogeza likizo hadi Juni, Salvador itakuwa kwenye mvua na watu wake wengi wamekimbilia bara kwa São João, tarehe 24: moto wa kuni mbele ya nyumba, ngoma ya forró, na kila kitu cha mahindi. Basi za kwenda huko hujaa mapema sana.

Sasa chakula. Bajia za kunde unazijua. Acarajé ni bajia ya kunde iliyokulia ng'ambo: asili yake ni àkàrà ya Wayoruba, ina ukubwa wa ngumi, haina bizari wala pilipili ndani, na hukaangwa kwa mawese. Wauzaji wake ni kina mama wenye vilemba vyeupe, baianas de acarajé, na kazi yao iliandikishwa kuwa urithi wa taifa mwaka 2005. Mama atakuuliza kitu kimoja tu: quente ou frio? Usidhani anauliza moto au baridi. Quente ni yenye pilipili, frio ni isiyo nayo. Wanaokosea hapo hulia machozi barazani. Kwa mara ya kwanza sema pouca pimenta, pilipili kidogo.

Ataipasua katikati kwa kisu, aijaze vatapá, caruru, kachumbari na kamba wakavu. Vatapá ni uji mzito wa mkate, karanga, korosho, tangawizi, kamba wakavu, tui na mawese. Caruru ni bamia zilizokatwa ndogo ndogo na mawese. Ile laini iliyofungwa jani la mgomba na kupikwa kwa mvuke ni abará, unga wake ni uleule wa acarajé, na tumbo lisilozoea mawese huipokea vizuri zaidi. Wa Kigoma hawatakuwa na shida. Wewe wa Tanga anza na moja tu kwa siku.

Meza ichague kwa mafuta. Yawe rangi ya chungwa iliyokoza. Yakiwa ya kahawia, yanatoa moshi na povu haliishi, yamechoka, nenda kwa mwingine. Mara nyingi utaona kitunguu kizima kinaelea kwenye karai; ni kuyazuia mafuta yasiungue, usishangae. Ununue inayotoka karaini saa hiyohiyo, kwa sababu ikikaa hunywa mafuta na kuwa nzito kama jiwe.

Ukirudi utataka kuipika, basi andika. Nusu kilo ya kunde nyeupe zenye jicho jeusi, zipitishe kavu kwenye blenda mara moja mbili tu zipasuke, kisha uziloweke. Maganda yataelea: yamwage na maji, ongeza maji mengine, rudia mpaka zibaki nyeupe. Ukiacha maganda, unga unakuwa mweusi na hauumuki. Chuja sana, saga na kitunguu maji kimoja kikubwa bila kuongeza maji. Tia chumvi, halafu shika mwiko wa mti na upige, mkono uchoke, dakika 10 au zaidi, mpaka rojo lijae hewa na lisimame kwenye mwiko. Watu wengi hushindwa hapa: wakiona uvivu kupiga, ndani inabaki ngumu, wakatia unga wa ngano kuokoa jahazi na ladha ikapotea. Ikisambaratika karaini, ujue maji yamezidi. Mawese yawe mengi kiasi cha acarajé kuelea, na moto wa kati, kwani ukiwa mkali nje inaungua ndani mbichi. Utapata kama 10.

Mchana kula kwenye restorani ya a quilo. Unajipakulia, sahani inapimwa kwenye mizani, unalipa kwa uzito. Mizani haijui tofauti ya wali na samaki, basi usiijaze wali. Utapewa kadi ya matumizi mlangoni. Ukiipoteza hutozwa faini. Maharage uyaulize kabla: tem porco? Mengi hupikwa na vipande vya nguruwe, na feijoada, mchuzi wao mzito wa maharage, ni nguruwe moja kwa moja, iache. Moqueca ya samaki iko salama: tui, mawese, nyanya, vitunguu, giligilani, chungu kimoja, na kwa kawaida ni ya watu wawili hata kama menyu haisemi. Ijumaa Wabahia hupenda kula vyakula vya mawese, hivyo siku hiyo moqueca iko kila kona. Farofa, unga wa muhogo uliokaangwa, nyingine hutiwa nyama ya nguruwe, uliza. Juisi ya bibo inaitwa caju, na ndilo neno lililotupa kanju na mkanju. Mti wenyewe Wareno waliutoa huko wakauleta pwani yetu.

Malazi. Tafuta pousada, nyumba ndogo ya wageni yenye kifungua kinywa ndani ya bei: matunda, jibini, mkate, keki, na tapioca, chapati nyeupe ya wanga wa muhogo. Usibuku popote palipoandikwa motel. Kule hizo ni nyumba za wapenzi, hukodishwa kwa saa. Mtaa ninaokuchagulia ni Santo Antônio Além do Carmo: majumba ya zamani, utulivu, na Pelourinho unafika kwa miguu. Barra ina ufukwe wa maji matulivu, Porto da Barra, unaotazama machweo, na ni ya pili kwangu. Rio Vermelho ni ya kula usiku, kulala hapo wikiendi ni kelele. Pelourinho penyewe, mchana patembee pote, maana jina lake ni nguzo ya kuchapia watumwa na kila jiwe lina habari. Mji huohuo, usiku wa kuamkia 25 Januari 1835, ndani ya Ramadhani, Waafrika Waislamu walioitwa Malê waliinuka dhidi ya utumwa. Usiku ukiingia, panda gari hata kama ni mtaa wa pili.

Ukiandikia pousada uliza haya: bei ni ya chumba au ya kichwa, kuna kiyoyozi au feni tu, ni ghorofa ya ngapi (ngazi za majumba yale ni kali na lifti hakuna), na chumba kinatazama mtaani au nyuma. Taka cha nyuma kinachotazama ghuba. Bomba la kuogea huwa na umeme kichwani: ukitaka maji ya moto zaidi, punguza maji, usiguse kile kichwa ukiwa umelowa. Karatasi ya chooni hutupwa kwenye kindoo kilicho pembeni. Umeme wa miji mingine ni volti 127, mingine 220, na soketi si ya pini zetu nene tatu, basi nunua adapta, na pasi ya nguo iache nyumbani.

Kila mtu analipana kwa Pix, kama sisi M-Pesa, lakini inataka CPF, namba yao ya mlipakodi, kwa hiyo tembea na kadi na reali taslimu. Tiketi ya basi mtandaoni nayo huidai CPF. Nenda dirishani na pasipoti. Asilimia 10 ya huduma kwenye bili ni hiari. Viza iombe mapema ubalozini kwao Dar es Salaam. Sindano ya homa ya manjano uchome siku 10 kabla, kwani ukirudi Tanzania ukitokea Brazili kadi ile utaulizwa. Ndege ya Addis Ababa hutua São Paulo, hapo unaunganisha ya ndani.

Saa haitakusumbua. Wako nyuma yetu saa sita kamili, hivyo saa ya ukutani ya Salvador inasoma namba ileile tunayoitamka huku: kwetu saa tisa alasiri, mshale wao uko kwenye tisa, asubuhi. Nipigie hapo.

Majibu ya pousada nitumie kabla hujalipa, niangalie kama kweli ni chumba cha nyuma.

Mama yako