PhD ya sheria: kwa mnaoanza, haya ndo ningependa myajue mapema

Watu wengi wananitumia proposo zao za PhD ya sheria, naomba unipitishie jicho, na nyingi zina ugonjwa uleule: mtu ana topiki ila hana swali. Anaandika "Haki ya faragha katika zama za kidijitali" alafu kurasa zote zinazofuata ni kueleza sheria inasemaje, kifungu hiki, kifungu kile, mkataba ule wa kimataifa, mwisho anasema sheria ina mapungufu na anapendekeza irekebishwe. Hiyo ni ripoti, tena inaweza kuwa ripoti nzuri tu, lakini PhD inataka hoja, yaani kitu ambacho msomi mwenzako aliyebobea kwenye eneo hilohilo anaweza kukubishia. Kama hakuna wa kukubishia, hujasema kitu bado.

Hebu tuichukue hiyohiyo faragha tuibane kidogo. Sheria ya kulinda data ya Umoja wa Ulaya, ile iliyoanza kutumika mwezi Mei 2018, inaitaja ridhaa ya mhusika kama msingi mmojawapo wa kuchakata taarifa zake. Sasa jiulize, mwajiriwa akiombwa ridhaa na mwajiri wake anaweza kweli kukataa? Kama hawezi, kwa nini tuendelee kuiita ridhaa? Na mahakama ikiipima hiyo ridhaa, inatumia vipimo vya sheria ya mikataba au vya haki za binadamu, na inaleta tofauti gani kwa mfanyakazi mwenyewe? Hapo umeanza kuwa na swali, maana atatokea mtu aseme ridhaa ya mwajiriwa inatosha mradi sharti moja mbili zitimie, na nyie wawili mna jambo la kugombania. (Hili la ridhaa kazini limeshaandikwa sana kwahiyo usilibebe kama lilivyo, nakuonyesha tu namna ya kubana topiki mpaka itoe swali.)

Mawakili na nyie mnaotoka mahakamani, hapa ndo pana kazi. Mmezoea kutetea upande mmoja, unatafuta kesi zinazokusaidia, ile inayokuumiza unaitafutia namna ya kuitofautisha na yako ili jaji asiifuate. Kwenye tasnifu ile kesi inayokuumiza ndo unaipa nafasi kubwa kuliko zote, unaieleza kwa nguvu zake zote kama vile wewe ndo unaitetea, alafu ndo unajibu. Mtahini anaijua, na akiona umeipitia juu juu kwenye tanbihi anajua umeikwepa.

Na someni hukumu zenyewe jamani, sio muhtasari wa kwenye vitabu vya kiada. Chukua kesi ya Donoghue na Stevenson ya mwaka 1932, ile ya konokono kwenye chupa ya kinywaji cha tangawizi, kila aliyesoma sheria za mfumo wa Kiingereza anaijua. Ukimuuliza mtu atakwambia mahakama iligundua kwamba konokono alikuwemo na mtengenezaji akaonekana mzembe. Hapana. Swali lililofika kwa majaji wa juu lilikuwa la kisheria tu: tuchukulie anachodai huyu mama Donoghue aliyekunywa ni kweli, je, mtengenezaji ana wajibu wowote kwa mnywaji ambaye hana mkataba naye? Watatu wakasema ndiyo, wawili wakakataa, kesi ikarudi chini na baadaye ikaisha kwa maelewano baada ya Stevenson, yule mtengenezaji, kufariki, kwahiyo hilo la konokono halikuwahi kuthibitishwa mahakamani mpaka leo. Sasa kasome na wale wawili waliokataa. Wana sababu zao na sio za kipuuzi, walikuwa wanaogopa wajibu ambao hauna mwisho, na huo wasiwasi umekuwa ukirudi kwenye kesi za uzembe miaka yote iliyofuata. Mtu aliyesoma maoni ya majaji wachache waliokataa anaona mgogoro pale ambapo mwenzake anaona kanuni imenyooka, na PhD nyingi nzuri zinazaliwa kwenye migogoro ya namna hiyo.

Methodolojia nayo inawatesa watu bure. Unakuta mtu ameandika sentensi moja, "utafiti huu ni wa kidoktrina", kaenda zake. Sawa, ni wa kidoktrina, yaani unafanya kazi na sheria na hukumu zenyewe, lakini utachagua vipi hukumu gani zinaingia na gani zinabaki nje? za mahakama zipi, za kuanzia mwaka gani, na kwa nini? Hilo ndo linatakiwa kuelezwa. Ukisema unalinganisha nchi mbili utaulizwa kwa nini hizo mbili, na jibu la "nimesoma LLM kule" (yaani shahada ya uzamili ya sheria) halitoshi, inabidi ulinganisho wenyewe ukusaidie kujibu swali lako, na kama sheria za nchi mojawapo zimeandikwa kwa lugha usiyoisoma basi fikiria mara mbili maana utakuwa unategemea tafsiri za watu kwenye mambo ambayo neno moja linabeba kesi nzima. Na ukitaka kuhoji watu, majaji, wafungwa, wahanga, kibali cha maadili kishughulikie mapema mno, kinachukua muda na bila hicho huruhusiwi kuanza hata intavyuu moja.

Mifumo inatofautiana, usikariri wa rafiki yako. Uingereza na nchi zilizofuata mtindo wake mara nyingi unaingia moja kwa moja kwenye utafiti, hakuna kozi nyingi, na karibu na mwisho wa mwaka wa kwanza unapimwa kama unafaa kuendelea. Marekani digrii ya utafiti ya wanasheria kwa kawaida inaitwa SJD au JSD na wengi wanaoisoma wametoka nje ya nchi na walishafanya LLM kwanza. Ufaransa wana utamaduni wa tasnifu ya sheria kugawanywa sehemu mbili, na kila sehemu nayo mbili, na wanaufuata kwelikweli. Kwahiyo kabla hujaomba, fungua tasnifu zilizopita za chuo hichohicho, tatu nne hivi, usome utangulizi na hitimisho lake, utaelewa wanataka nini kuliko tangazo lolote.

Supavaiza: mtafute kwa maandishi yake. Jina kubwa halikusaidii kama hajawahi kuandika chochote kinachogusa swali lako, na profesa maarufu mwenye wanafunzi lundo anaweza kukaa na chapta yako mpaka ukaisahau mwenyewe. Ongea na wanafunzi wake wa sasa, waulize anarudisha kazi baada ya muda gani na anasoma kweli au anapitia. Mkianza, kila mkionana mwandikie baadaye email fupi ya mlichokubaliana, inasaidia sana pale anapobadili mawazo na pale unapobadili wewe.

Kuandika anza siku za mwanzo kabisa. Kuna hii tabia ya kusema ngoja nimalize kusoma kwanza, jamani kusoma hakuishi, sheria inatoka kila wiki. Andika hata kurasa mbili za kesi moja, unafikiri nini juu yake. Na tanbihi ziandike kamili palepale, jina la kesi, mwaka, aya, kwa mtindo wa chuo chako, iwe OSCOLA iwe Bluebook (hiyo ni mitindo ya kunukuu vyanzo vya sheria), manake kurudi kutafuta aya ya hukumu uliyoisoma miaka miwili nyuma ni mateso.

Alafu sheria yenyewe inabadilika ukiwa katikati ya safari. Fikiria aliyekuwa anaandika kuhusu Chevron, ile kanuni ya tangu 1984 ya mahakama za Marekani kuzipa mamlaka za serikali nafasi ya kutafsiri sheria zenye utata, Juni 2024 Mahakama ya Juu ikaifuta. Kazi yake haijafa, ila chapta zimehama. Ndo maana tasnifu nyingi za sheria zinaweka mwanzoni sentensi ya kwamba sheria iliyoelezwa humu ni ile iliyokuwepo hadi tarehe fulani. Kubaliana na supavaiza wako tarehe hiyo, kitakachotoka baadaye unakigusa kwa ufupi tu.

Hizi programu za akili bandia, kuweni macho nazo kwenye kesi. Mwaka 2023 New York mawakili walipigwa faini ya dola 5,000 kwa kupeleka mahakamani kesi ambazo hazipo, zilitungwa na ChatGPT. Kila hukumu unayoitaja uwe umeifungua na kuisoma kwa macho yako, hakuna njia ya mkato hapo.

Ukifika kwenye utetezi wa tasnifu, Uingereza ni chumba kimefungwa na watahini wako, kwa kawaida wawili, Uholanzi na Sweden ni hadharani watu wamekaa wanasikiliza. Kote utaulizwa umeongeza nini kipya, hilo jibu uwe nalo kwa sentensi mbili tatu bila kusoma popote. Isome tasnifu yako nzima upya kabla, weka alama kurasa dhaifu na ujue utasema nini zikiguswa. Wengi wanapita kwa masharti ya masahihisho, usivunjike moyo ukiyapata, tengeneza jedwali, upande mmoja walichosema watahini, upande wa pili ulichofanya na ukurasa gani, likabidhi pamoja na tasnifu ili mtahini asianze kutafuta mwenyewe.